Bujiku Dhidi ya Bujiku

Saksafoni ya Bujiku ilining'inia kwenye msumari, ndani ya sanduku lake jeusi lililobanduka kona. Chini yake Mageni, mkewe, alikuwa ameweka gunia la karanga, kusudi siku msumari ukichomoka chombo kiangukie pahali laini. Kibanda chao pale Rwamgasa kilikuwa cha miti na udongo, kimeezekwa nyasi, na mvua ikinyesha walihamisha kila kitu upande wa mlango. Cha kwanza kuhamishwa kilikuwa hilo sanduku. Godoro baadaye, unga baadaye.

Bujiku mwenyewe hakuwa akilitazama. Asubuhi alivaa kaptura yake iliyotiwa viraka nyuma, akashika mtalimbo akaenda duarani, maana ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao ya dhahabu, na jioni alirudi mweupe kichwa hadi miguu kwa vumbi la mwamba, kama mtu aliyemwagikiwa unga wa muhogo. Alinawa, alikula, alilala. Mwaka wa pili sasa.

Jioni moja ya mwezi wa sita, mwaka sabini na sita, Mageni akiwa anasonga ugali, Bujiku alisema, "Mama Limi, Pantaleo wa Tabora kaleta salamu. Anakuja Sabasaba kuchukua saksafoni."

"Kuchukua kwa maana ya kuazima?"

"Kuchukua kwa maana ya kuchukua. Ana kijana kwenye bendi yake anajua kuipuliza. Huku kwangu inaota kutu."

"Na wewe utapuliza nini?"

"Mimi nina mtalimbo."

Mageni aligeuza ugali, akaupiga mwiko mgongoni mpaka ukakaa sawa kwenye sahani. Alikuwa mtu wa kupika jambo mpaka liive, na hili lilikuwa bado bichi. Ila kitu kimoja alikijua ambacho Bujiku mwenyewe hakukijua: akilala, vidole vya mumewe vilikuwa vinacheza juu ya blanketi, vinabonyeza, vinaachia, vinabonyeza. Saksafoni ikienda Tabora, vidole vile vingebaki hapa, na havingekuwa na pa kwenda.

Zamani Bujiku alikuwa mpigaji wa dansi Shinyanga mjini. Bendi ikaenda Nairobi, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Huko alikutana na mpiga ngoma mmoja aliyekimbia kwao kusini ya mbali, na mzee mmoja mwenye fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Watatu hao wakaingia kwenye chumba cha kurekodia kilichokuwa ubavuni mwa tanuri la mikate, wakatoka na santuri mbili, sahani kubwa zile, moja jalada lake jekundu na nyingine la kijani. Wenyewe waliuita muziki huo jazi huru. Hamna mwimbaji, hamna gitaa, na hamna mapigo ambayo mguu unaweza kuyashika. Kila mmoja anashika njia yake, ila sikio lake limebaki kwa wenzake. Mageni, ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe, aliuelewa hivi: ni kama asubuhi zizi linapofunguliwa. Kila ng'ombe anatoka kwa mwendo wake, huyu anaruka, yule anasimama kukojoa, lakini kundi ni moja na linajua linakoelekea.

Kuuelewa kwake kulimchukua muda. Alizisikiliza zile santuri akishona, akichambua mchele, akimnyonyesha Limi. Mara ya kwanza alisikia fujo. Baada ya siku nyingi alisikia mume wake.

Waliporudi kukaa Ngokolo, pale Shinyanga, yeye ndiye aliyealika majirani. Aliwaambia, njooni uani Jumapili, mje msikie jazi ya Baba Limi. Na hapo ndipo alipokosea. Kwa watu wa Shinyanga jazi ni bendi, ni rumba, ni kucheza. Wanaume walikuja wamepiga viatu rangi, wanawake wamevaa vitenge vipya. Santuri ikawekwa, wakasimama wawili wawili wakingoja muziki uanze. Upande wa kwanza ukaisha wao wangali wanangoja. Mzee mmoja mstaarabu akauliza kwa upole kama fundi wa mashine ameshaitwa. Watu wakacheka. Bujiku akacheka nao, na kicheko kile ndicho kilichomuuma Mageni kuliko vyote. Kabla mwaka haujaisha walikuwa Rwamgasa, na Limi amebaki Ngokolo kwa bibi yake kwa ajili ya shule.

Basi usiku ule wa ugali, Mageni alilala akiwa ameamua. Santuri hazikuwa na kosa. Mwaliko ndio uliokuwa na kosa.

Asubuhi alidandia lori la pamba mpaka Geita, kwa Gulnar. Gulnar na mumewe Liaquat walikuwa na duka Shinyanga kabla ya kuhamia Geita, na wakati ule wa Ngokolo Mageni alikuwa akimpelekea maziwa kila siku. Duka lilikuwa la vitambaa, taa za chemli, redio, na nyuma kabisa, juu ya rafu, gramafoni mbili za betri, zile ambazo kifuniko chake ndicho spika. Zilikuwa hazinunuliwi kwa sababu betri zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

"Mageni, mbona umekonda hivyo," alisema Gulnar. "Dhahabu hailiwi huko?"

"Inaliwa na wengine, mama. Nimekuja kuazima gramafoni kwako."

Gulnar alimtazama juu ya miwani. "Ya kupigia zile santuri za mume wako?"

"Hizo hizo."

"Ile moja aliyoniachia nakala yake, ya kijani, mimi huwa naipiga nikipanga vitambaa." Alishusha sauti, kana kwamba Liaquat angesikia huko nje. "Mteja akiingia nazima. Mmoja aliniuliza kama nina mgonjwa ndani."

Walicheka mpaka Gulnar akavua miwani akapangusa macho. Kisha akamfungia gramafoni moja kwa khanga kuukuu, akampa na betri, akamfundisha kuzianika juani zikichoka, kwamba zikipata joto huwa zinaamka kidogo. Mageni alikuwa anajua, ila alisikiliza mpaka mwisho.

Wateja wa Mageni walikuwa wachimbaji waliokuja kula mchana kwenye meza zake mbili chini ya turubai. Safari hii hakutaja jazi. Aliwapa maharage, akaweka santuri ya jalada jekundu. Bujiku alikuwa duarani.

Makoye, mchimbaji mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi, alitafuna mara mbili akaacha kutafuna.

"Mama Limi, huyo anaipiga tarumbeta au tarumbeta inampiga yeye?"

"Kula, Makoye."

"Nakula. Ila nauliza, maana kama anapigwa tukamsaidie."

Meza nzima ikacheka. Mwingine akasema ni ndama amezama tope. Mwingine akasema, mwacheni, atafika kwenye wimbo, kakosea njia tu. Mageni aliondoa sindano, akafunika gramafoni, akakusanya sahani. Jioni habari zilikuwa zimemfikia Bujiku huko huko chini ya ardhi, na alipofika nyumbani hakugomba. Alisema tu, "Umeniweka tena uani kwa watu, Mama Limi. Sabasaba haiko mbali. Acha ipite kimya."

Mwanamke mwingine angeacha. Mageni kesho yake alikwenda mwaloni kuchota maji, na huko alisimama na ndoo yake kichwani kwa muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Mwaloni ndipo wanapooshea mawe yaliyosagwa. Vijana walikuwa wanatwanga mawe kwenye vinu vya chuma, kundi moja huku, kundi lingine kule, wameelekeana, na kila kundi lina wimbo wake na mapigo yake. Nyimbo zilikuwa zinagongana katikati kama pembe. Ukizisikia kwa pamoja ni vurugu tupu. Lakini hakuna aliyeziba masikio. Huku wakiongeza kasi, kule wanasikia, wanaongeza. Kule wakipunguza kwa ujanja, huku wanacheka na kupunguza zaidi. Kila mmoja alikuwa ameshika wimbo wa kwake kwa mkono na wimbo wa wenzake kwa sikio.

Mageni akauona uwanja wa utotoni kwao. Kwa Wasukuma, mavuno yakishaingia ndani, ngoma hazichezwi moja moja. Chama cha Bagalu kinasimama upande huu, cha Bagika upande ule, ngoma zote zinapigwa saa ile ile, na watu wanakwenda na kurudi katikati mpaka upande mmoja unabaki bila mtu. Aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Hakuna anayelalamika kwamba ngoma mbili zinapigwa mara moja. Moja ikipigwa peke yake ndipo watu huuliza kuna nini. Na baba yake alikuwa mpiga ngoma wa Bagalu.

Hawa watu wanajua kusikiliza, alijiambia, na maji yakamwagika kidogo begani. Tatizo hawajapewa upande.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Mbuke, mama aliyeuza pombe ya mtama mwisho wa njia, ambaye kila mtu alijua kwao ni Bagalu damu.

"Mwangaluka, mayu," Mageni alimwamkia Kisukuma. "Nasikia Makoye anasema Rwamgasa hapa hakuna Mgalu wa kusimama naye."

Makoye, Mgika wa kuzaliwa, hakuwa amesema hivyo wiki hiyo, lakini alikuwa ameshasema mara nyingi kabla, kwa hiyo haikuwa uongo.

Mbuke aliweka kata chini. "Kasema wapi?"

"Ngoma hatuna huku mashimoni. Lakini Baba Limi ana santuri mbili. Nyekundu na kijani. Yeye mwenyewe ndiye anapiga zote, kwa hiyo hakuna atakayesema mpigaji wake alikuwa mbovu. Tuziweke zielekeane, Sabasaba, saa tisa. Nyekundu ya Bagika, kijani ya Bagalu. Watu waamue kwa miguu."

"Ile tarumbeta ya ndama?"

"Hiyo hiyo. Makoye kaisikia jana, na kachukua nyekundu."

"Kachukua nyekundu," alirudia Mbuke polepole. "Basi kijani ni yangu."

Kwa Makoye mambo yalikuwa mepesi zaidi. Mageni alimwambia tu kwamba Mbuke ameshachagua.

Gulnar naye alitumiwa habari na dereva wa lori, kwamba inahitajika gramafoni ya pili. Alijibu kwamba Sabasaba ni sikukuu, duka limefungwa, ataileta mwenyewe.

Siku yenyewe Bujiku aliondoka mapema. Wenzake wote walikuwa wamepumzika, yeye akasema ana jiwe lake la kumalizia. Mageni alijua ni kukimbia macho ya watu. Alimfungia viazi kwenye jani la mgomba, akamwambia, "Saa tisa utasikia kelele. Usije kama hutaki." Yeye akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Uwanja ulikuwa ule wa mpira. Meza moja iliwekwa huku na moja kule, si mbali, na juu ya kila meza gramafoni, na kifuniko chake kikaingizwa mdomoni mwa pipa tupu lililolazwa, ili sauti ipate tumbo la kutokea. Makoye alikuja na bendera ya kitambaa chekundu na majivu ambayo hakusema ya nini. Akalipaka pipa lake. Mbuke akamtazama, akaingiza mkono kifuani mwa gauni lake, akatoa kipande cha mzizi, akakiweka juu ya meza mahali ambapo kila mtu angekiona.

Gari la Liaquat lilifika na vumbi lake. Gulnar alishuka na gramafoni mapajani, amevaa sari ya kijani.

"Mama naye ni Bagalu?" Makoye akauliza.

"Mimi nilikuwa naisikiliza hii kabla hujajua kuna santuri duniani," alisema Gulnar, akapita akaenda kusimama karibu na Mbuke.

Sindano zikashushwa pamoja, Mageni akiwa katikati, mikono juu kama refa.

Sasa jambo ambalo hata Mageni hakulipanga ni hili. Kwenye ngoma halisi watu hupiga kelele, hushangilia. Gramafoni hizi, hata na mapipa yao, zilikuwa na sauti ndogo. Mtu wa Bagika akishangilia aliwazibia Bagika wenzake. Makoye alipiga ukelele mmoja wa kuanzia na watu wake mwenyewe wakamgeukia. "Nyamaza, hatumsikii wetu." Basi uwanja mzima, wachimbaji, wauza samaki, Wazinza waliokuja kutazama tu, ukawa kimya kuliko kanisa. Watu walikuwa wameinamia mapipa. Na walikuwa wakisikiliza si kwa adabu. Walikuwa wakitafuta pa kushindia.

"Hapo," alisema Theonest, kijana wa duara la Makoye. "Umesikia? Mpiga ngoma alitaka kumpita, kamzuia."

"Kamzuia kisha kamwachia," alisema mwingine. "Ile ni dharau."

"Subiri, atapanda."

Saksafoni ya nyekundu ikapanda, ikapanda mpaka ikapasuka na kulia kama dume lililonusa mvua, na Bagika wakaguna wote pamoja, mguno mzito wa kushiba. Ile ile sauti iliyoitwa ndama aliyezama tope.

Upande wa pili, Gulnar alikuwa ameshika mkono wa Mbuke. "Sasa ananyamaza. Usiondoke. Anawadanganya amechoka." Na kweli, saksafoni ya kijani ikanyamaza, fidla kubwa ikatembea peke yake, watu wa nyekundu wakageuza shingo kuona kuna nini, na baadhi yao walipogeuza shingo miguu ikafuata. Kumi hivi wakavuka. Saksafoni ikawapokea kwa sauti ndogo, karibu kama mtu anayezungumza. Mbuke aliachia tabasamu moja refu kuelekea kwa Makoye.

"Wamekwenda kumwamkia tu," alisema Makoye. "Watarudi."

Wakarudi, wakaenda tena. Upande wa kwanza ukaisha, santuri zikageuzwa haraka haraka, hakuna aliyeondoka. Katikati ya hayo Pantaleo alifika kutoka stendi, mtu mnene mwenye suti ya kaki na kofia, akasimama kando ya Mageni.

"Shemeji, habari za hapa. Nani anapiga upande ule?"

"Bujiku."

"Na huu?"

"Bujiku."

Pantaleo akavua kofia. "Anashinda nani?"

"Bado," alisema Mageni.

Hapo ndipo betri za kijani zilipoanza kufa. Sahani ikapunguza mwendo, na sauti ya saksafoni ikazama, ikawa nzito, ikaburuta. Watu wa Mbuke wakatazamana. Wawili wakaondoka. Watano wakafuata.

"Nilizianika tangu juzi," alisema Gulnar, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Zilikuwa na joto."

"Ni majivu ya Makoye," alisema Mbuke.

"Mimi sijagusa betri ya mtu," alisema Makoye, ingawa alitazama pipa lake kwa heshima mpya.

Mageni alitazama njia ya duarani. Bujiku alikuwa amesimama pale mwisho wa uwanja, mweupe kwa vumbi, mtalimbo begani. Alikuwepo tangu lini, Mageni hakujua. Aliona vidole vya mumewe juu ya chuma cha mtalimbo, vinabonyeza, vinaachia. Kisha Bujiku akageuka akaenda kibandani. Mageni hakumfuata. Aliomba tu moyoni kwamba msumari usimsumbue.

Bujiku alirudi na saksafoni mdomoni tayari. Hakuwasalimia watu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kijani, akaikuta ile sauti yake ya zamani inazama, akashuka nayo, chini, chini zaidi, kama mtu anayeteremka duarani kumfuata mwenzake aliyepungukiwa hewa. Alipomfikia alimshika. Santuri ikasimama kabisa, na sauti haikusimama. Ilianza kupanda, na vumbi jeupe lilikuwa linamdondoka mabegani kila alipovuta pumzi.

Mbuke alisahau utaratibu akapiga vigelegele. Watu wakavuka uwanja, kwanza waliokuwa wameondoka, kisha wa Makoye, mpaka Theonest naye akavuka akijifanya anakwenda kuokota kitu. Makoye akabaki na pipa lake na wazee wawili.

"Hii si haki," alisema. "Mnatumia mtu hai." Lakini hakuizima santuri yake. Aliibeba meza, yeye na wale wazee, hatua kwa hatua, taratibu sindano isiruke, akaileta mpaka karibu na Bujiku, akaiweka. "Haya, Baba Limi. Jibu hii."

Bujiku akaisikiliza nyekundu kidogo, kichwa kimeinama, kisha akaijibu.

Pantaleo alimgusa Mageni bega. "Shemeji, mimi nilikuja kuchukua kitu."

"Najua, shemeji. Ugali upo, na maharage. Kaa ule kwanza. Ukishiba utachagua upande."

Pantaleo alipokea sahani, kofia kwapani. Jua lilipoanza kulala Bujiku alipumzika, akamwona, akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye vumbi.

"Nisamehe, ndugu yangu. Umekuja bure. Ila umekuja siku nzuri."

"Nimeona," alisema Pantaleo. "Yule kijana wangu nitamtafutia nyingine. Lakini ile nyekundu, upande wa pili, pale ulipompita mpiga ngoma. Naomba uipige tena, nilikuwa natafuna."

Makoye alikuwa ameshaigeuza.